Msiba wa Siku ya Kura

"Mimi hajazaliwa mtu wa kunidanganya," Bibi Ikupa alipenda kusema, na kabla hujamwitikia alikuwa ameshajikosoa mwenyewe. "Ukimtoa marehemu mume wangu. Huyo alinidanganya miaka thelathini. Lakini uongo wake haukufika mbali, uliishia Mbugani tu, kwa mwanamke wa kuuza pombe."

Hayo aliyasema popote: kisimani, kanisani kabla ya kengele, hata msibani. Alikuwa mwanamke mfupi, meno yamebaki yale yanayochagua kazi. Shule aliishia darasa la nne, ila mdomo wake haukuishia popote. Kitongoji kizima cha Isanga, kule kata ya Ndandalo, kilimwogopa kidogo na kumpenda sana, kama watu wanavyopenda pilipili.

Mali yake duniani ilikuwa nyumba ya vyumba viwili, migomba nyuma ya nyumba, na kipande cha mpunga katika Bonde la Wajane. Bonde hilo liko chini ya kitongoji, pale mto unapopunguza mwendo kabla ya kwenda ziwani. Tangu enzi za wazee, mwanamke wa Isanga aliyefiwa au aliyeachwa hupimiwa kipande pale, akalima bila kumpigia magoti shemeji. Hati hakuna. Kuna mitaro tu, na kila mwanamke anaujua mtaro wake kama anavyoujua mguu wake. Ikupa alikuwa amesomesha watoto kwa mpunga wa pale.

Sasa mwenyekiti wa kitongoji, Godwin, mnunuzi wa kakao mwenye Fuso na tumbo la kulingana na Fuso, alikuwa ameonekana bondeni na mgeni mwenye buti za mpira na kamba ya kupimia. Wanawake walipomuuliza alisema, "Ni maendeleo, mama zangu." Ikupa akamwambia maendeleo hayo yasogee kidogo, yamekanyaga mpunga wake. Godwin akacheka, akamwita bibi yetu mtundu, akaenda zake. Haukupita muda, bondeni vikachomekwa vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani, na kimoja kilisimama katikati ya kipande cha Ikupa kama mgeni asiyejua kuaga.

Bahati nzuri uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakaribia. Anyes, ambaye mume wake alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akapata mke, alichukua fomu kugombea uenyekiti. Hakuwa na spika wala fulana za kugawa. Alisimama mkutanoni na gauni lake la kanisani akasema jambo moja: nikishinda, vigingi vinang'olewa. Akakaa.

Tatizo halikuwa Anyes. Tatizo lilikuwa watu kuamka. Uchaguzi uliopita Godwin alishinda bila jasho, na si kwamba watu walimpenda, hawakwenda tu. Mmoja alikuwa anaanika kakao. Mwingine alisema viongozi wote ni wale wale. Wengine walikuwa wamekula pilau ya Godwin usiku uliotangulia, wakaona shughuli ya uchaguzi wameshaimaliza. Waliojitokeza ni ndugu zake, na ndugu wa mtu mwenye Fuso si haba.

Kwa hiyo Ikupa na Anyes walipita nyumba kwa nyumba. Anyes aliongea kwa adabu, Ikupa aliongea kwa namna yake.

"Kura yangu moja itafanya nini?" aliuliza Anyelwisye. Huyu Anyelwisye alikuwa mkubwa wa wanawake wa bondeni, mjane mnene, mpole, ambaye akisema twende wanakwenda na akisema tukae wanakaa.

"Chumvi ya mboga unatia punje ngapi?" Ikupa akamuuliza.

"Nani anahesabu punje?"

"Basi. Ukianza kuishika moja moja na kuiuliza wewe utafanya nini, utakula mboga chapwa mpaka ufe."

Anyelwisye alicheka, lakini bado alikuwa na jiwe moyoni. Godwin alikuwa amepitisha sukari na vitenge katika kila nyumba yenye kipande bondeni, sukari ndani ya bakuli jipya la plastiki lenye picha yake. "Tumeshakula chake, Ikupa. Ukishapokea cha mtu unaona haya."

"Hata mimi nimepokea. Chai yangu leo ilikuwa tamu kama uchumba. Lakini wewe umelelewa wapi? Mtu akikuletea kitu kwenye bakuli, unafanyaje?"

"Narudisha bakuli na kitu ndani."

"Unarudisha bakuli na shamba ndani?"

Anyelwisye akaitazama ile picha kwenye bakuli.

"Mimi nimempelekea mkungu wa ndizi," alisema Ikupa. "Bakuli lake nimeliweka juu. Hatudaiani."

Neno hilo lilitembea. Kila mwanamke wa bondeni alijua kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu, alifundishwa hivyo kabla hajafundishwa kupika. Kufika Jumapili, baraza ya Godwin ilikuwa imejaa mikungu ya ndizi, mingine imeanza kuiva na kuita nyuki, na juu ya kila mkungu bakuli lenye picha yake likimtazama. Godwin hakuwa mjinga. Alitazama zile ndizi akaelewa kwamba sukari yake imelipwa, na kwamba safari hii wanawake wale wataamka.

Siku moja kabla ya kura, mchana, Anyelwisye alikuwa anageuza kakao kwenye turubai, na Ikupa amekaa kivulini anamsumbua kwa maneno, wakamwona Godwin anakuja kwa miguu, kofia mkononi. Mtu mwenye gari akija kwako kwa miguu, kuna jambo.

"Ugonile, mama Anyelwisye. Kaa kwanza chini."

"Sema tu, mwanangu. Kakao inaungua."

"Nimepigiwa simu kutoka Karonga. Kaka yako Sedekia ametutoka."

Anyelwisye hakukaa, alianguka. Kilio chake kilivuka migomba, na kabla kakao haijageuzwa tena uwanja ulikuwa umejaa wanawake, mikono kichwani. Sedekia alikuwa kaka yake pekee. Alivuka mto Songwe zamani kwenda kuoa upande wa Malawi, akabaki huko anauza samaki, lakini nusu ya Isanga ni ukoo wake, na wanawake wa bondeni, kama hawakuzaliwa katika ukoo huo, basi waliolewa humo. Kwa Ikupa alikuwa binamu, mtoto wa mjomba, na kwa Wanyakyusa binamu wa namna hiyo ni mtani wako. Mnatukanana mkikutana, na siku mmoja akifa, mwenzake ndiye anayekwenda kuchezea msiba, akashuka kaburini kudai ada kabla maiti haijashushwa.

Ikupa naye alilia. Alimpenda yule mtu.

"Mazishi ni kesho saa sita," Godwin alisema, sauti ameishusha vizuri. "Msihangaike na nauli. Fuso langu litakuwa hapa alfajiri, mafuta juu yangu, mtarudi keshokutwa. Ningekwenda nami, lakini mnajua kesho nimefungwa na uchaguzi."

Hapo Anyes, aliyekuwa amemshika Anyelwisye bega, akainua uso. "Na kura, Mwenyekiti?"

"Mama Anyes!" Godwin alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Watu wanalia, wewe unataja kura?"

Wanawake wawili watatu wakamtazama Anyes vibaya, na Anyes akainama. Alikuwa ameshashindwa, na alijua. Isanga mtu anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa ubarikio wa mtoto wake mwenyewe. Msiba haukosi. Asiyezika hazikwi, na siku yako ikifika watakuja wale waliopotea njia tu.

"Alisema nini mwishoni?" Ikupa aliuliza, akijifuta kwa ncha ya kitenge.

Godwin akamgeukia kwa upole. "Alikutaja wewe, bibi. Alisema, mwambieni binamu yangu anisamehe yule jogoo."

"Alikiri?"

"Alikiri kabisa. Alikuwa analia."

Machozi ya Ikupa yakakatika kama bomba lililofungwa. Yule jogoo alipotea siku ya Pasaka, zamani, Sedekia alipokuja kusalimia, na manyoya yakakutwa nyuma ya nyumba aliyolala. Sedekia alikana mbele ya ukoo. Alikana mbele ya mchungaji. Alikana huku unyoya umemganda kwenye ndevu. Kila mwaka walikutana, kila mwaka alikana upya, ndiyo ilikuwa salamu yao. Mtu wa namna ile hawezi kukiri kwa sababu ya jambo dogo kama kufa.

Lakini angesemaje? Simu ya Sedekia ilizama ziwani na hakununua nyingine. Kumwambia mfiwa kwamba hajafiwa, kisha ikawa amefiwa kweli, hata mtani hasamehewi. Na kama ni uongo, ulikuwa umeshonwa vizuri. Wakifika kule wakamkuta mtu anakula ugali, watapiga vigelegele, Godwin atasema simu ilikosea jina, nani atagombana siku ya furaha? Watarudi wanaimba, na kule nyuma karatasi zimeshahesabiwa na vigingi vimeota mizizi.

Ikupa akaondoka polepole, kama bibi anayekwenda haja, mpaka barabarani. Akamsubiri Beatrice. Huyu alifanya biashara ya mchele kati ya Kyela na Karonga, mume wake ni wa huko, na kila jioni alipita pale na magunia kwenye pikipiki ya magurudumu matatu, kuwahi mpaka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unamjua binamu yangu Sedekia, anakouza samaki?"

"Namjua. Ananidai, au mimi namdai, hatujaelewana."

"Ukimwona, mwambie kwao kuna msiba, kesho asubuhi awe amefika."

"Msiba wa nani?"

"Mwambie hujui. Na kweli hujui. Mimi mwenyewe sijui."

Beatrice akamtazama. "Bibi Ikupa, una nini wewe?"

"Nina msiba," alisema Ikupa. "Kama huyo amekufa, hatakuja. Kama hajafa, msiba hawezi kuukosa. Msibani kuna nyama."

Beatrice akaenda. Hakuahidi kitu, na mpaka una mambo yake, kwa hiyo Ikupa alilala kama asiyemtuma mtu. Kama kuna kitu cha kuokoa bonde kesho, itabidi kiwe ni yeye mwenyewe na utani wake.

Asubuhi Fuso lilikuwa limesimama uwanjani kwa Anyelwisye, injini inanguruma. Wanawake walikuwa wanapandisha mikeka, vikapu vya mchele na mikungu ya ndizi. Godwin alisimama kando amevaa koti jeusi, anapokea mikono ya pole kama mfiwa. Dereva wake, Wilson, alikuwa ameshafunga mlango aliposikia watu wanapiga kelele mbele ya gari.

Ikupa alikuwa amelala chali mbele ya gurudumu. Amevaa suruali na koti la marehemu mume wake, ndani nje. Uso umepakwa unga wa muhogo, kichwani amejifunika ungo, mkononi ana mwiko.

"Bibi! Toka!" Wilson alitoa kichwa dirishani. "Nitakukanyaga!"

"Kanyaga, tuzikwe wawili kwa gharama moja!"

Walioanza kulia wakacheka, ndiyo kazi ya mtani. Hata Anyelwisye, macho yamevimba, alitoa sauti fulani ambayo haikuwa kilio. Godwin akatabasamu, akatoa noti mfukoni, akainama. "Haya, mtani. Ada yako hiyo. Tunakuomba njia."

Ikupa akaipokea kwa mikono miwili, akainuka, akaenda kuitia kwenye kikapu cha Anyelwisye. "Rambirambi ya Mwenyekiti," alitangaza. Akarudi akalala palepale.

"Bibi, nimeshalipa!"

"Umelipia magurudumu ya mbele. Ya nyuma je? Au yanabaki Isanga?"

Godwin akatoa nyingine. Nayo ikaenda kikapuni. Ikupa hakurudi kulala sasa, alizunguka mpaka kwa Wilson, akanyoosha mkono dirishani, na Wilson, ambaye mama yake alimlea vizuri, akazima gari akampa ufunguo. Ufunguo ukatumbukia kifuani mwa Ikupa, mahali ambapo hakuna mwanaume wa Isanga angethubutu kuufuata.

"Sasa ada yenyewe," alisema. Akapiga mwiko kwenye ungo ili wote wasikie. "Mimi pesa sitaki. Pesa nimempa mfiwa. Ada yangu ni hii: tunapita shuleni. Kila aliyejiandikisha anaingia, anapiga kura yake kwa anayemtaka yeye, awe Anyes, awe Mwenyekiti hapa, mimi sichungulii. Akitoka ananishukuru kwa lugha yetu, ndaga, mtani. Wa mwisho akisema ndaga, ufunguo huu hapa, tunakwenda kumzika."

Vichwa vyote vikamgeukia Godwin.

"Kituo kinafunguliwa saa mbili!" Godwin alisema. "Mazishi ni saa sita! Marehemu anawasubiri!"

"Sedekia alichelewa maisha yake yote. Alichelewa harusi yake mwenyewe mpaka mchungaji akala. Leo tu ndiyo awe na haraka?"

"Watazika bila nyinyi."

"Watazikaje? Mtani wake ni mimi. Nani ataingia kaburini kabla sijashuka mimi? Nyinyi wenyewe semeni, mmeona wapi?"

Hawakuwahi kuona. Wanawake walitazamana, kisha wote wakamtazama Anyelwisye, maana msiba ulikuwa wake. Godwin naye akamtazama. "Mama, usikubali huyu bibi akuchezee. Ni kaka yako."

Anyelwisye akamwangalia Ikupa. Walikuwa wameota matiti mwaka mmoja, wameolewa mwaka mmoja, wamezika waume. Aliujua uso ule ukiwa na utani na ukiwa hauna. Chini ya unga ule leo hapakuwa na kicheko. Palikuwa na mtu anayemwomba.

"Ada ya mtani ni ada," Anyelwisye alisema. "Kaka yangu hakuwahi kumnyima mtani. Shukeni."

Wakashuka.

Shule haikuwa mbali. Walikwenda kwa miguu, vitenge vya msiba viunoni, wengine bado wanalia kwa zamu, na Ikupa mbele na ungo wake kama mkuu wa bendi. Wasimamizi walipofungua mlango wa darasa walikuta mstari ambao hawajawahi kuuona Isanga. Wanaume waliokuwa wanapita kwenda mashambani waliuona, wakauliza kuna nini, wakasimama nyuma. Jirani aliyesema viongozi wote ni wale wale alikuja kutazama tu, na kwa kuwa ameshafika, akaingia.

Godwin hakutulia. Alianza nyuma ya mstari, sauti ya chini. "Ndugu wa karibu nimewaitia pikipiki, nalipa mimi. Msije mkamkosa." Msimamizi wa kituo, kijana mwenye miwani, akamwambia kwa heshima kwamba mgombea asikae karibu na wapiga kura. Godwin akasogea hatua mbili, akaendelea kwa ishara. Wanawake wawili walitoka mstarini, wakasimama katikati, hawajui waende wapi. Anyelwisye alikuwa wa mwisho kati ya wanawake, na miguu yake nayo ilianza kuelekea barabarani.

Ikupa akaja akasimama kati yake na pikipiki. "Mwenyekiti," alisema, kwa sauti ya bibi asiyejua kitu, "hii habari uliipata kwa simu, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Simu hizi, mwanangu. Juzi nimepigiwa nikaambiwa nimeshinda gari. Labda walikosea jina?"

Wale wawili waliosimama katikati wakasikia. "Kweli," mmoja akasema, "sasa tunakimbilia wapi kabla hatujapata hakika? Tupige kura kwanza." Wakarudi mstarini.

Godwin aliona anawapoteza. Mtu akiona anapoteza, huongeza. "Hakika gani tena?" alisema. "Sikutaka kuwaumiza, ndiyo maana nilisema simu. Nilikuwa Karonga mwenyewe, kwa mambo ya kakao. Nilikuwa naye pale kitandani. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ulimwona?" Anyelwisye alimgeukia.

"Mama, nimemfumba macho kwa mkono huu." Akaunyoosha mkono wa kulia, wote wakauona.

Anyelwisye akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili, akaubusu, akaulilia. "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo. Nilikuwa nasikia uchungu kwamba amekufa peke yake kwa watu. Kumbe kulikuwa na mtoto wa nyumbani." Akajifuta uso, akavuta pumzi. "Basi kama macho yameshafumbwa na mtu wa kwao, hana haraka tena. Mniache niingie."

Akaingia.

Godwin alibaki na mkono wake hewani.

Matokeo yalibandikwa kwenye mlango wa darasa jioni ile, na mwaka huo mpunga wa Bonde la Wajane ulipandwa na wajane wale wale, na mvua ya kwanza ilikuta Ikupa amegeuza kigingi chekundu kuwa mpini wa jembe. Lakini hayo ni ya mbele. Sisi bado tuko asubuhi, Anyelwisye anatoka darasani, anakunja goti kidogo.

"Ndaga, mtani."

"Ndaga, dada wa mwizi wa jogoo," Ikupa alisema, na utani wenyewe haukuwa na nguvu, kwa sababu sasa alikuwa amemaliza ujanja wake wote. Ada imelipwa. Kama Sedekia amekufa kweli, basi alikuwa amemchelewesha dada wa watu kwenye maziko ya kaka yake. Akaingiza mkono kifuani kutafuta ufunguo, akausaka taratibu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo wakasikia kilio. Kilitoka barabarani, kilio cha mwanaume, kizito, cha mtu anayejua kulia, kinakaribia pamoja na ngurumo ya bodaboda. Pikipiki ikakata kona kwenye ua wa shule. Nyuma ya dereva alikaa mzee amejifunga shuka kifuani, kwapani ana furushi la mbasa, samaki wakavu wa ziwani wa kuchangia msiba, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Yoo, ndugu zangu!" alilia. "Yoo! Sisi tunakwisha! Nimeambiwa jana, sikulala, nimekuja mbio!"

Wanawake wawili walikimbilia darasani. Mmoja alikaa chini palepale. Anyelwisye hakukimbia wala hakukaa, alisimama akimtazama kaka yake.

"Umechelewa," Ikupa alimwambia yule mzee. Alikuwa ameushika ungo usimwanguke. "Hata leo umechelewa."

"Na wewe umevaa nini, mchawi?" Sedekia alisema katikati ya kilio. "Na yule jogoo sikumla." Kisha akatazama huku na huku, akitafuta mfiwa, maana mgeni wa msiba humpa pole mfiwa kwanza, na katika ua ule aliyevaa koti jeusi alikuwa mmoja tu. Akamwendea Godwin moja kwa moja, akamshika mkono wa kulia, ule ule, akautikisa kwa uchungu.

"Pole, Mwenyekiti, pole sana. Hawakuniambia ni nani. Nani ametutoka?"

Godwin aliutazama mkono wake ndani ya kiganja cha Sedekia. Akatazama mstari, na mstari wote ulikuwa unamtazama yeye.

"Mwambie," alisema Anyelwisye taratibu. "Mwambie uliyemfumba macho ni nani."

"Ni..." Godwin akauvuta mkono, Sedekia hakuuachia. "Ni Sedekia mwingine."

"Yupi?" aliuliza Sedekia, na machozi mapya yakawa yameshajaa.